Madam na Simu ya Kimya

Ukitaka kumpata Madam kwa simu, usimpigie yeye. Mpigie mtu aliye karibu naye. Hili tulilijua sote pale ofisini, na mgeni yeyote aliyejaribu njia ya mkato aliishia kwa yule dada wa kwenye laini, anayekuambia kwa upole kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Kwa hiyo tulikuwa tunampigia mama wa chapati aliyekuwa chini ya ngazi zetu, hapa Voi mjini, naye anaweka mwiko chini, anainua uso na kupiga ukelele: "Madam! Watu wako wanakutafuta!" Hapo Madam anatokea dirishani, miwani imepanda juu ya nywele, simu yake imezimwa ndani ya mkoba, anauliza nani amekufa.

Huyo ndiye mwanamke aliyetufundisha kuogopa kimya. Cheka ukitaka. Sisi tulicheka miaka mingi.

Kazi yetu ni kutazama. Tuna vidude, ndivyo tunavyoviita, tumevifunga kwenye matangi ya maji kule Ronge, kwenye mitambo ya kupoza maziwa huko Werugha, na kwenye ua wa umeme unaozuia ndovu wasiingie mashamba ya Marungu. Kila kidude kinatuma namba kila baada ya muda wake: maji yamefika wapi, maziwa yana baridi kiasi gani, waya una nguvu kiasi gani. Namba zinakuja kwenye skrini yetu, na ikiingia namba mbaya, skrini inageuka nyekundu na simu za mafundi zinalia. Madam alikuwa mkuu wa chumba chenye skrini hiyo. Kila mtu alimwita Madam, kuanzia mkurugenzi mpaka anayefagia ngazi, na sidhani nusu yao wanalijua jina lake lingine. Mimi nalijua, lakini akisikia nimeliandika atanipigia simu, na hiyo sasa ingekuwa habari ya kutangazwa redioni.

Mimi aliniita Mkonge. Baba yangu alitoka magharibi kuja kukata mkonge kwenye mashamba makubwa ya huku, nikazaliwa huku, nikasomea huku, na bado Madam akiniona nakula ugali saa nne asubuhi anasema, "Mkonge, nyinyi watu mtoto wenu akilia mnampa ugali?" Nami namjibu kwamba afadhali ugali kuliko ile kimanga yao ya mihogo na maharagwe iliyopondwa mpaka haijui yenyewe ni nini. Anacheka, halafu kesho yake ananiletea kimanga kwenye kopo, na ananisimamia mpaka niimalize.

Kelele zake sasa! Madam hakuweza kukaa na jambo kichwani bila kulisema. Aligombana na birika likichelewa kuchemka. Aligombana na skrini: "Wewe nawe, unanitolea macho ya nini?" Akifungua dirisha analieleza dirisha kwa nini analifungua. Mgeni akiingia alidhani kuna mkutano, kumbe ni Madam peke yake na kalamu iliyokauka. Lakini katikati ya kelele hizo zote, ghafla anainua kidole. "Marungu ya tatu imenyamaza." Unatazama, kweli, Marungu ya tatu haijatuma kitu tangu chai.

Nilimuuliza siku moja anajuaje. Akaniambia ni kwaya. Alikuwa akiongoza kwaya kanisani kwao miaka mingi kabla sijamjua, na anasema mtu akiimba vibaya hakuna kazi, hata mtoto aliyebebwa mgongoni anageuka kutazama. "Shida ni yule aliyeacha kuimba, Mkonge. Amesimama hapo, mdomo unacheza, sauti haitoki. Wengine wanamfunika. Mimi nasikiliza aliyekosekana." Baadaye nilikwenda kumwona akiongoza. Ni kweli. Katikati ya wimbo alimnyooshea kidole baba mmoja wa safu ya nyuma, na baba wa watu akaruka kama aliyeguswa na waya, akaanza kuimba.

Zamani, kabla Madam hajaleta mambo yake, meseji zote zilikuja simu moja. Za ubaya na za kukosekana, zote mfuko mmoja. Upepo ukivuma kutoka Sagalla mtandao unalegea, na simu inaanza: hakuna data, hakuna data, hakuna data, mpaka inatembea yenyewe juu ya meza. Unavumilia siku ya kwanza, unavumilia ya pili, halafu unafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Unaizima sauti. Tulifanya hivyo sote, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Sasa ndovu, kama humjui, hana haja ya kushika waya wenye umeme. Anasukuma nguzo. Na nguzo waliyoisukuma usiku mmoja kule Marungu ndiyo iliyokuwa imebeba kidude chetu. Kidude hakikuwahi kusema umeme umeshuka. Kilikuwa chini, kimekanyagwa, na kwetu iliingia meseji moja ya hakuna data katikati ya nyingine nyingi za upepo. Kulipokucha, mahindi na ndengu za watu zilikuwa zimeshalala tumboni mwa ndovu.

Madam alikwenda mwenyewe kwenye baraza la Marungu. Mimi nilimsindikiza, na nakuambia ukweli, nilikuwa natafuta mti wa kujificha. Mama mmoja alisimama, hakupaza sauti hata kidogo. Akauliza, "Nyinyi si ndio mlituambia mnatuangalia?" Ile ndiyo siku pekee niliyomsikia Madam akisema maneno machache. Alisema, "Tulikuwa tunaangalia, mama. Hatukuona kitu, tukadhani ni salama." Akaomba radhi, akakaa. Njia nzima ya kurudi Voi hakugombana hata na kiti cha gari.

Asubuhi iliyofuata alikuja na simu ndogo ya kabambe, ile ya vibonyezo, na kunituma nikatafute kamba ya mkonge. "Wewe ni wa huko, huwezi kukosa." Akaifunga simu ile pamoja na ufunguo wa pikipiki ya kazi, fundo juu ya fundo, akaitundika msumarini karibu na mlango. Halafu akatukusanya.

"Kuanzia leo," akasema, "namba mbaya ziende kwa mafundi kama kawaida. Hizo ni ugonjwa unaojulikana, daktari wake yupo. Lakini kimya kije hapa, peke yake. Kimya si ugonjwa na si uzima, ni kutojua. Mkiviweka pamoja mtavizoea vyote pamoja."

Fundi wetu wa pikipiki, mtu mpole sana isipokuwa akiamshwa, akauliza, "Sasa Madam, na huu ufunguo?"

"Atakayeshika hiyo simu ameshika na ufunguo. Sitaki mtu anijibie kimya akiwa amekaa kitako."

"Lakini Madam, mara nyingi ni mtandao tu."

"Basi utarudi ukiwa umepunga upepo. Kuna ubaya?"

Hakuwa mkatili lakini. Kila kidude alikipa muda wake wa kunyamaza kabla kabambe haijalia. Cha ua wa umeme alikipa muda mfupi. Cha tangi alikipa mrefu, kwa sababu tangi halikimbii. Vile vya Werugha aliviongezea muda msimu wa baridi, ukungu unapolala siku nzima juu ya vidirisha vya sola na betri inachoka. "Kipe nafasi ya kupumua," alikuwa akisema. "Hata wewe Mkonge ukiwa unameza chapati huwa hujibu upesi."

Na alitukataza jibu moja. Mkulima akipiga simu kuuliza kama tangi liko sawa, na kidude cha tangi kimenyamaza, sisi tulizoea kusema liko sawa, maana hakuna nyekundu. Madam akikusikia umesema hivyo, siku hiyo chai ya ofisi nzima unapika wewe na vikombe unaosha wewe. Jibu lake lilikuwa moja: "Sijui, naenda kuangalia." Mwanzoni ilitutia haya. Mtu anakupigia wewe mtaalamu, unamwambia hujui! Mkurugenzi hakulipenda kabisa. Kijana mmoja aliyetumwa kutoka Nairobi kuturembeshea skrini alipendekeza kidude kikinyamaza, mfumo urudie tu namba ya mwisho, mchoro usikatike. Madam alimsikiliza mpaka mwisho, akamwandalia chai, kisha akamuuliza, "Kwa hiyo mume akitoweka nyumbani, tuendelee kumpakulia na kusema ameshiba?" Kijana alicheka mpaka chai ikampalia. Mchoro wetu mpaka leo una mapengo, na mapengo hayo tunayapenda.

Usije ukadhani alikuwa malaika. Madam alikuwa na tabia moja mbaya sana, nayo ni majaribio. Bila kumwambia mtu, anakwenda mahali, anang'oa kidude, halafu anarudi ofisini, anakaa, anangoja kuona kama kimya kitamfikia mtu na huyo mtu atainuka. Safari moja alifanya hivyo siku ambayo fundi wetu alikuwa anakwenda ukweni. Suti mpya, viatu vinang'aa, amejipaka manukato ya kutosha ukoo mzima. Kabambe ikalia: hakuna data, tangi la Ronge. Maskini akatazama suti, akatazama ufunguo, akatutazama sisi, sisi tukatazama dari. Akaenda. Njia ya Ronge ilikuwa imenyeshewa. Alirudi matope mpaka kwenye tai, anahema, anatuambia kidude kimeibwa. Madam akafungua mkoba wake taratibu, akakitoa, akakiweka mezani kando ya mandazi.

"Umefika haraka," akamwambia. "Vizuri."

Fundi hakumsemesha muda mrefu. Tulikasirika kwa niaba yake, maana mambo mengine si ya kuchezea. Lakini harusi ilipofika, aliyeongoza kwaya pale mbele alikuwa Madam, na nguo ya bibi harusi ilipochanika asubuhi ile, nasikia, yeye ndiye aliyemleta mshonaji akainusuru. Ndivyo alivyokuwa. Anakuumiza kwa mkono huu na kukufuta machozi kwa huu mwingine, na simu yake bado imezimwa.

Alipostaafu alipanda kwao Werugha, kwenye baridi na ukungu, akanunua ng'ombe. Nilijua yule ng'ombe ana kazi. Mtu aliyekuwa akigombana na ofisi nzima amebaki na mnyama mmoja! Nilipomtembelea mara ya kwanza nilimsikia kabla sijamwona, anamwambia ng'ombe kwamba ni mjinga, mvivu, mdokozi, na kwamba mama yake pia hakuwa na maana. Ng'ombe anatafuna tu.

Ng'ambo ya ua wa miiba aliishi mzee mmoja mjane, mstaafu wa reli. Hao wawili hawakusalimiana. Madam alipanda ule ua, mzee akasema umeingia shambani kwake. Madam akasema macho ya mzee ndiyo yaliyoingia shambani kwake yeye. Na hapo maongezi yakaisha, miaka ikapita. Mzee akitoka upande wake, Madam anageukia ng'ombe.

Madam ana binti mmoja, nesi Mombasa, mtu mwema na mwenye wasiwasi. Kila akisikia Werugha kuna ukungu anaona mama yake ameteleza kwenye matuta ya shamba. Alikuwa ameshatayarisha chumba huko Mombasa, na pazia ameshatundika. "Mama, ukianguka huko juu, nani atajua? Simu yenyewe hushiki!" Hapo, kusema kweli, binti alikuwa na haki. Wakavutana, mwisho wakakubaliana hivi: Madam abaki, lakini avae saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo na hatua zake. Na siku itakayotokea akanyamaza bila mtu kujua, atashuka Mombasa, hakuna mjadala.

Aliniita nimfungie mambo. Alitaka saa ile iingie kwenye mfumo wetu kama kituo kingine chochote, na alitaka njia mbili, kama kawaida yake. Mapigo yakienda vibaya, meseji iende kwa binti. "Yeye ni nesi, atajua la kufanya." Na saa ikinyamaza, meseji ije kwenye kabambe ya Voi. "Yeye akipata kimya, atafanya nini kutoka Mombasa zaidi ya kulia? Wewe utakuja."

Nikamuuliza, "Na jirani je? Huyo yuko hapa hapa. Tumwandike?"

"Huyo?" Akatazama ua. "Huyo mhesabu hayuko. Nikifa atashangilia, apate kung'oa miiba yake."

Halafu akashusha sauti, kitu ambacho hakikuwa desturi yake. "Mkonge, Mombasa nitakwenda kufanya nini mimi? Nitoe jasho, nitazame ukuta? Huko hata nikigomba, ni nani atakayenisikiliza?" Alisema kama utani, lakini akaanza kupangusa miwani iliyokuwa safi. Niliumia. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu, hata mkurugenzi, hata ndovu.

Basi ikawa hivyo, tukakaa kwa amani mpaka msimu wa baridi uliopita.

Asubuhi moja nilikuwa na kikombe mkononi wakati kabambe ilipolia. Fundi ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Akaisoma, uso ukambadilika, akaninyooshea. Hakuna data, Werugha, nyumbani. Nikampigia Madam. Mteja hapatikani. Kwake hiyo haikuwa habari mbaya wala nzuri, ni hali ya hewa tu. Fundi akasema, "Labda ni ukungu." Nikasema labda. Ufunguo ulikuwa umeshaning'inia mkononi mwangu kwa ile kamba ya mkonge. Nikaondoka.

Nilikuwa nafika Mwatate simu yangu mwenyewe ilipolia mfukoni. Nikasimama kando ya barabara. Ni binti. Hakuwa amepata meseji yoyote, alikuwa tu ameingia kazini na moyo haujatulia, wajua vile mtoto anavyohisi mambo.

"Kaka, umeamkaje? Mama leo ameamka salama?"

Ningeweza kusema ameamka salama. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Nikisema hivyo, na iwe ni ukungu tu, Madam anabaki kwake na hakuna atakayejua kitu. Nikisema vingine, ni kama nimemfungia virago kwa mikono yangu. Nilisimama pale na helmeti kichwani, malori yananipita, nikamsikia Madam kabisa akiniuliza chai ya leo anapika nani.

"Sijui, dada," nikasema. "Saa yake imenyamaza. Naenda kuangalia."

Akapandisha sauti: "Sijui? Sijui ni jibu gani hilo?"

"Ndilo nililonalo. Niko Mwatate, nikifika nitakupigia."

"Basi mimi napanga gari," akasema. "Mzima, mgonjwa, leo anashuka. Nimechoka na hii presha, kaka. Nimechoka."

Akakata. Mimi nikapanda. Zile kona za kwenda Wundanyi nazijua, lakini siku ile zilikuwa zimeongezwa, naapa. Kisha ukungu ukaanza, nikawa naona gurudumu la mbele tu na wasiwasi wangu. Nilimwomba Mungu kwa sauti, sikujali nani anasikia, kwamba anipe nafasi ya kugombezwa tena na yule mama, hata kwa kosa ambalo si langu.

Nilipofika, jambo la kwanza nililoona ni ua. Katikati ya ile miiba palikuwa na tundu la upana wa mtu mzima, matawi yamevunjika, kipande cha kitambaa kinaning'inia. Jambo la pili, hapakuwa na sauti. Ng'ombe amesimama bandani, ananitazama. Hakuna anayemwambia kitu. Nikausukuma mlango bila kubisha hodi.

Madam alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko, leso mabegani. Mezani kuna saa ya mkononi, imezimwa. Upande wa pili wa meza, amekaa yule mzee wa reli, suruali imechanika gotini, mikono ina mikwaruzo, anakula kimanga.

Madam akatazama saa ya ukutani. "Nilidhani umeshikwa na chapati," akasema.

Nilikaa chini sakafuni. "Madam! Haki ya Mungu, Madam! Yaani hili ni jaribio?"

"Sasa ulitaka niwaarifu kwanza? Hilo lingekuwa jaribio gani? Binti anasema nikinyamaza hakuna atakayejua. Nikasema haya, na tuone." Akanimiminia chai. Ikamwagika mezani, naye hakuligombeza birika, na hasira zangu zikapungua nusu. Hakuwa akicheza. Alikuwa ameweka nyumba yake yote rehani kwa ile saa, akakaa kimya tangu alfajiri, bila kumgusia hata ng'ombe, akingoja kujua kama kuna mtu.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu," akasema, akimwonyesha kwa kidevu, "amenivunjia ua."

"Ua uko kwangu," mzee akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Mzee, ulijuaje?" nikamuuliza. "Wewe hatukukuandika popote."

Mzee akafuta mdomo. "Tangu huyu mama ahamie hapa, kila kukicha anamtukana ng'ombe. Ndiyo saa yangu ya kuamka hiyo. Leo nimeamka mwenyewe. Nikanywa uji, hakuna tusi. Nikatoka nje, hakuna tusi. Nikasema, ng'ombe kusamehewa ghafla hivi, kuna jambo. Kuzunguka hadi langoni ni mbali, nikapita hapo hapo."

Nilimtazama Madam. Huyu aliyesikia Marungu ya tatu imenyamaza akiwa anagombana na birika, hakujua kwamba miaka yote hiyo, ng'ambo ya miiba, kuna mtu anayemsikiliza.

Nikampigia binti, nikaweka sauti ya juu, simu nikaiweka mezani kati ya sahani. Nikasema mama ni mzima. Alilia kwanza, tukamwacha alie. Kisha akasema gari liko njiani kuja kwake, akishamaliza zamu anapanda.

Madam akainamia meza. "Huyu Mkonge ulipomuuliza asubuhi, alikujibu nini?"

"Alisema hajui."

Madam aligeuka akanitazama. "Vizuri," akasema. Miaka mingi nimefanya kazi chini ya yule mama, na hilo neno aliwahi kumpa fundi tu, akiwa na matope mpaka kwenye tai.

"Lakini Mama," binti akasema, "Voi ni mbali. Ingekuwa kweli, ungengoja mpaka kaka afike? Nani alikuwa hapo?"

"Jirani," nikasema mimi. "Amefika mapema sana kabla yangu."

"Jirani gani? Yule wa ua? Si hawasalimiani!"

Mzee akaweka kijiko chini, akaisogelea simu kama mtu anayeongea dirishani kwenye stesheni. "Hatusalimiani, mwanangu," akasema. "Lakini namsikia."

Upande wa pili pakawa kimya, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuogopa kimya. Tukasikia binti anapenga kamasi. Kisha akasema basi, gari lisije. Lakini huyo mzee aandikwe, na aandikwe leo.

Nilimwandika pale pale. Hatukumpa saa wala kidude, yeye mwenyewe alikataa, akasema atatuma meseji kwa mkono wake. Kwa hiyo kila asubuhi kabambe yetu inalia mara moja, na ni yeye. Mzee si mtu wa maneno mengi, huandika neno moja tu: *Ametukana.* Nami nalisoma kwa sauti, fundi anaitikia amina, tunaendelea na chai. Tundu la ua halijazibwa. Madam anasema atalishughulikia mvua zikiisha.

Leo meseji ilichelewa kidogo, nikawa nimeshaushika ufunguo. Kisha ikaingia.

*Ametukana ng'ombe. Na mimi pia.*